Lektini Iliyokataa Kuachia

Tone la damu liliganda kabla fundi hajalitia kitu. Aliliangalia pale juu ya kioo, limejikusanya vidongevidonge kama uji uliosahauliwa kukorogwa, akajiambia macho yamechoka.

Kazi yake pale maabara ilikuwa kutoa lektini kwenye maharage, ile protini ya mbegu inayong'ang'ania sukari iliyo juu ya seli, ili watafiti waitumie kunasia protini zenye sukari. Kabla ya kuikabidhi ilibidi aijaribu kwa damu. Ikigandisha, ni nzima. Siku hiyo damu ya maabara ilikuwa imekwisha, na kuagiza nyingine ni fomu tatu na sahihi za wakubwa wawili. Akajichoma kidole akatumia yake. Uvivu wa namna hiyo, nani hana?

Mchana huohuo kikombe cha chai kiligoma kutoka mkononi. Alikivuta, ngozi ikavutika nacho, na harufu ya maharage mabichi yaliyolowekwa ikamjaa puani. Nyumbani ikawa kitasa, kisha kijiko, kisha kitana, na kila kitu kiliponasa alisikia ndani ya kiganja kitu kikinyonya, taratibu, bila haraka yoyote. Aliogopa, lakini si kwa ajili yake. Alikuwa na binti mmoja tu, wa miaka saba, aliyezoea kumrukia shingoni kila arudipo kazini. Akampiga marufuku kumgusa. Mtoto akadhani mama amemnunia.

Siku ya tatu alikwenda kwa mganga. Mganga alimsikiliza, akanusa kile kiganja, akauacha ubani uzimike. Hakuuliza habari za majini, aliuliza habari za kazi.

“Huko kwenu mnaitoaje, ikishang'ang'ania?”

“Tunaimwagia sukari inayoipenda zaidi. Inaachia ya kwanza, inashika hiyo.”

Mganga alisogea nyuma kidogo. “Basi na huyu jini wako atakuachia akipata damu tamu kuliko yako, dada. Nyumbani unaishi na nani?”

Fundi aliondoka bila kuaga. Alimpigia shangazi wa mtoto aje kumchukua jioni hiyohiyo, akaufunga mkono kwa vitambaa na mfuko wa plastiki, akaketi kitini akiulinda kama mtu anayemlinda mwizi, huku ndani ya vitambaa kitu kile kikinyonya, na kunyonya, na harufu ya maharage ikipanda mpaka kwenye mapazia, hadi siku tatu za kutolala zikamzidi nguvu akasinzia.

Alipozinduka, mkono ulikuwa mwepesi. Alishika kikombe, akakiachia. Akakishika tena, akakiachia, akacheka kwa sauti. Ndipo alipoviona vitambaa sakafuni, na mtoto ameketi kando yake; shangazi alikuwa bado hajafika.

“Ulikuwa unalia usingizini, Mama,” mtoto alisema polepole. “Nikakufungua, nikakushika kidogo tu.”

Mtoto alitaka kusimama, kiganja chake kikabaki kwenye mguu wa kiti.

Fundi alipiga magoti. Aliweka mkono wake juu ya ule mdogo, akaubana kwa nguvu zake zote, akamsihi jini arudi kwake, achukue chochote, arudi tu. Mkono wake uliteleza ukaanguka. Jini hakumtaka tena.