Ulimi Chini ya Kitanda

Ute ndio ulioonekana kwanza. Marivic, mhudumu katika makao ya wazee ya mji mmoja mdogo huko Saskatchewan, alikuwa anadeki chumba cha Mzee Vasyl baada ya chakula cha mchana, tambara likanasa. Alipolivuta likaja na kitu kizito kinachovutika kama ute wa yai, kinachonuka mafuta ya kondoo yaliyochacha.

"Mzee, umetapika?"

"Kwa kabichi ile hata mbwa angetapika. Lakini si mimi."

Marivic akacheka, akadeki tena. Kesho yake ute ulikuwa palepale, mbele ya kitanda, mahali miguu ya mzee inapotua anapoamka.

Wazee wakaanza kuanguka. Mmoja alivunjika nyonga, mwingine akapasuka paji la uso. Darlene, muuguzi mkuu, ambaye Vasyl alikuwa baba yake mzazi, alifanya yote aliyoyajua. Alishusha vitanda, akatandika magodoro membamba sakafuni, akawavisha wazee soksi zenye mpira chini ya nyayo, akafunga ving'ora vinavyolia mtu akiinuka. Wapi! Walianguka tu, tena mchana kweupe, saa za kujilaza, mwanga wa theluji umejaa dirishani. Na kila aliyeokotwa, jeraha lake lilikuwa safi. Hakuna damu, hakuna usaha. Nyama nyekundu tu inayong'aa, kama sahani iliyolambwa.

"Dada, mimi siipendi hii," Marivic alinong'ona wakifunga bendeji. "Kwetu Ufilipino nyumba kama hii watu wanaihama."

"Wewe hama. Mimi baba yangu yumo."

Vasyl naye alikuwa na kidonda muundini. Alimwambia binti yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema jambo la aibu. "Kinanilamba, mwanangu. Kwanza mama yako ananiita, nikiinuka nateleza, halafu kinanilamba."

"Mama alikufa, baba."

"Si nilimzika mwenyewe? Lakini ananiita chakula kimeiva. Nitakataaje?"

Siku hiyo Darlene akajibanza nyuma ya pazia la chumba. Baba yake alikuwa anakoroma. Ile harufu ikapanda, ya mafuta na ya kinywa kisichosafishwa, ikamkaa kooni hata akameza mate yake kwa kinyaa, na ndipo chini ya kitanda ukachomoza ulimi, wa kijivu, mpana kama taulo, wenye vinundu na unywele mweupe mmojammoja ulionatana nao, ukaanza kuilamba sakafu polepole, huku na huku, kama mama anayempaka mtoto mafuta, na ulipomaliza ikatoka hukohuko chini sauti ya marehemu mama yake, tamu, isiyo na haraka: "Vasyl, njoo ule, kinapoa," na mzee, macho bado yamefumba, akatabasamu na kushusha miguu.

Darlene aliruka akamdaka kifuani. Ulimi ukampitia kisigino, vuguvugu. Alitapika palepale, juu ya viatu vyake, lakini hakumwachia baba yake.

Chumba cha jirani alikaa Bibi Paraska, na Darlene akamwendea kumwomba msaada. Enzi alipokuwa akiishi shambani alikuwa akimwaga nta iliyoyeyushwa kwenye maji baridi juu ya kichwa cha mgonjwa, kuwatoa watu hofu na mashetani, kabla mikono haijaanza kutetemeka.

"Nta ya moto?" akauliza. "Si wewe uliyeninyang'anya hata birika la chai, eti nitajiunguza?"

"Nitakushika mikono, bibi."

"Ushike kweli. Nikimuunguza baba yako utasema jini limemuunguza."

Marivic aliinua bakuli la maji baridi juu ya kichwa cha Vasyl. Darlene akaishika mikono ile mikavu, nta ikamiminika, maji yakachemka kwa sauti ya kukaanga. Walipoigeuza nta iliyoganda, upande wa chini ulikuwa na vinundu vitupu, na maji yamefanya utando wa kijivu unaonuka uvundo. Marivic akaziba pua kwa bega.

"Nenda pasipokanyaga mtu," Paraska alisema, "jogoo asikowika, mkate usikookwa. Hapa huna chakula!"

Alipomwaga mara ya tatu, kitu kilibwagika chini ya kitanda kama nyama mbichi inayoangushwa mezani, kikajiburuta hadi ukumbini, na milango ikalowa mmoja baada ya mwingine mpaka ule wa nje. Kisha ukaingia ubaridi tu. Marivic aliyamwaga yale maji nyuma ya ua, theluji ikageuka njano.

Hakuanguka mtu tena. Sakafu zilikauka. Lakini Vasyl aliacha kula.

"Haniiti tena," alisema.

"Nani, baba?"

"Mama yako. Mmemfukuza."

Alasiri moja Darlene alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi ameivua, bendeji ameifungua, anachimba gaga la kidonda kwa ukucha. Damu ilimtiririka hadi kisiginoni. Alikuwa ameinama, anabembeleza chini ya kitanda kama anayemwita paka. "Njoo. Njoo basi, mama Darlene."

"Baba! Acha!"

Alimshika mkono, akapiga magoti na kitambaa apanguse sakafu. Damu ilikuwa bado inadondoka, tone baada ya tone. Sakafuni hapakuwa na hata moja.