Mnyororo wa Karatasi za Mama Asante

Katika mtaa mzima hakukuwa na mtoto aliyeamka mapema kama Kidoti. Kabla jua halijatoka, yeye tayari. Sasa, kusema kweli, aliamshwa mara tatu, na mara ya tatu alivutwa shuka. Hata baada ya hapo aliketi ukingoni mwa kitanda, macho yamefumbwa, mpaka mama yake aje kumkumbusha kwamba miguu aliyopewa ni ya kusimamia. Lakini jicho moja lilikuwa limefunguka kidogo, na hilo nalo tulihesabu.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye doa dogo jeusi kidevuni kama tone la wino. Kwa hiyo jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye rejista ya shule tu. Kwingine kote alikuwa Kidoti.

Baba yake alikuwa dereva wa lori, wiki yupo, wiki hayupo. Mama yake alikaa nyumbani. Ndivyo watu walivyosema, ingawa kama kuna kitu ambacho mama huyo hakukifanya kutwa nzima, ni kukaa. Alifua, alipika, alishona vifungo, alimkimbiza mdogo wa Kidoti aliyependa kula chaki, na katikati ya hayo yote alishukuru. Maji yakitoka bombani, asante. Kiberiti kikiwaka kwa njiti ya kwanza, asante. Siku moja Kidoti alimkuta akiishukuru sufuria kwa kutovuja. Majirani wakambatiza Mama Asante, na yeye akawaambia asante kwa jina.

Karibu na mlango wa jikoni ilining'inia kalenda ya kuchana, ile yenye karatasi moja kwa kila siku na tarehe kubwa katikati. Kila jioni, wali ukiwa bado uko juu ya moto, mama alichana karatasi ya siku hiyo, akaandika nyuma yake jambo moja alilolishukuru, akaitia katika kopo la biskuti juu ya kabati. Kidoti aliyaona hayo tangu utotoni. Hakuwahi kusoma hata karatasi moja. Nani asome shukrani za sufuria?

Matata yalianza mwanzoni mwa mwezi. Mwalimu wa hesabu aliwauliza wanafunzi wazazi wao wanafanya kazi gani, ili wajifunze kuchora grafu. Spika, msichana mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye pia alikuwa kiranja, alisema mama yake ni muuguzi. Aliyefuata akasema mama yake ni mhasibu. Zamu ya Kidoti ilipofika, neno "nyumbani" aliliona dogo mno. Jana yake mama alikuwa amekata maua ya karatasi kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mdogo wake. Basi ulimi ukamponyoka.

"Mama ana duka la mapambo. Mjini."

Wenzake waligeuka kumtazama. Ilikuwa tamu sana. Mapumzikoni duka likaongezeka ukubwa, na mpaka kengele ya kwenda nyumbani inalia, lilikuwa na wafanyakazi sita. Habari hizo zilitoka nje ya lango, zikamfikia hata fundi wa sare aliyeshonea ng'ambo ya barabara, ambaye alisikia kila kitu kwa sababu wanafunzi walimjia na suruali zilizochanika na midomo iliyo wazi.

Wiki moja baadaye ikatangazwa kwamba mwalimu wa hesabu anastaafu. Wanafunzi walimwita Mwalimu Rula, kwa siri kubwa, kwa sababu hakuachana na rula yake hata akienda kunywa chai. Darasa likaamua kumfanyia sherehe ya kumuaga. Kuhusu mapambo hapakuwa na mjadala. Macho yote yalimwendea Kidoti, na Spika akaandika kwenye daftari: mapambo, dukani kwa kina Kidoti.

Nyumbani, Kidoti alisema nusu tu ya mambo, kwamba mwalimu anastaafu na yeye amechaguliwa kuleta mapambo. Mama alifurahi mpaka akaweka chini mwiko. Alisema anashukuru sana kwamba kati ya watoto arobaini wamemchagua binti yake, kisha akamtazama kidogo, kama mtu anayengoja sentensi ya pili. Sentensi ya pili haikuja.

Kuanzia hapo meza ya kulia chakula haikuliwa chakula. Mama alikusanya magazeti ya zamani, karatasi za kufungia unga na madaftari yaliyojaa. Alizipaka rangi nyekundu kwa maji ya bitiruti, njano kwa bizari ya manjano, na buluu kwa ile buluu ya kufulia nguo nyeupe. Zilipokauka alizikata vipande vyembamba, akavigeuza pete, pete ikaingia ndani ya pete, mnyororo ukarefuka mpaka ukazunguka miguu ya viti. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano.

"Usiuondoe motoni mpaka ung'ae na kuvuta," alimwambia Kidoti, akiinua mwiko kumwonyesha uzi mrefu wa uji. "Unga usioiva ukikauka unarudi kuwa unga. Hapo umebandika vumbi."

Kidoti aliitikia ndiyo, mama, kwa ile sauti ya mtu ambaye masikio yake yameshatoka nje kucheza.

Siku moja kabla ya sherehe, baada ya masomo, mama alikwenda kumsaidia jirani aliyejifungua kufua nguo za mtoto, akamchukua na mdogo mtu. Kidoti akapima mnyororo kwa hatua. Darasa, kutoka dirisha hadi dirisha, lilikuwa hatua kumi na mbili. Mnyororo ulikuwa kumi. Akatafuta karatasi, hakuna. Akatazama juu ya kabati, akaliona kopo la biskuti.

Alijiambia kwamba zile karatasi zimeshamaliza kazi yake. Siku zimepita, zitarudi kufanya nini? Akachota za juu, kiasi cha konzi mbili, akazipaka masalio ya bitiruti upande wa tarehe, na upande ulioandikwa akaugeuzia ndani. Gundi nayo ilikuwa imekwisha. Akakoroga unga kwa maji ya uvuguvugu, akaona ni mweupe na mzito, akaridhika. Moto wa nini? Mama aliporudi, mnyororo ulikuwa umekunjwa ndani ya kapu, na Kidoti alikuwa anasoma kwa bidii kitabu alichokishika juu chini.

Siku ya sherehe darasa liling'aa. Maua ya karatasi yalizunguka ubao, na mnyororo ulipita juu ya vichwa kutoka dirisha hadi dirisha. Wanafunzi wa madarasa mengine walichungulia kwa wivu. Spika alisimama chini ya hatua mbili za mwisho za mnyororo, shingo ameipinda.

"Kidoti, mbona hizi zina namba? Kumi na moja. Kumi na nne."

"Ni mtindo mpya," Kidoti akasema. "Unatoka nje ya nchi."

Spika akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Lakini moyo wa Kidoti haukupata nafasi ya kutulia, maana mlangoni alitokea mama yake, amevaa gauni lake la wageni, mdogo mtu mgongoni. Darasa lilikuwa limemwandikia barua ya mwaliko na kumpa mwalimu mwenyewe aifikishe, na Kidoti hakuambiwa, kwa kuwa walitaka kumfurahisha. Mama alimwamkia Mwalimu Rula shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti cha mbele.

Spika hakungoja. Alisafisha koo na kumtambulisha mgeni wa heshima, mwenye duka kubwa la mapambo mjini, mwenye wafanyakazi sita, aliyekubali kuacha shughuli zake na kuja kuwaona. Watoto walipiga makofi. Mama akaombwa aseme neno. Alisimama taratibu, akamtafuta Kidoti kwa macho. Kidoti alikuwa amepata jambo muhimu sana la kutazama kwenye viatu vyake. Alijua kwamba mama akisema kweli, yeye atachekwa mpaka amalize shule. Na mama akikubali hilo duka, atakuwa amemfanya mama yake aseme uongo mbele ya watu. Hakujua lipi baya zaidi.

Mama akafungua kinywa.

Hapo pete moja ikaachia. Kisha ya pili, kisha zote za zile hatua mbili, kwa sababu darasa lilikuwa na joto na gundi mbichi ilikuwa imekauka ikawa unga. Karatasi zilishuka polepole juu ya vichwa, madawati na mapaja, na vumbi jeupe likafuata. Spika akaiokota moja iliyofunguka, na kwa kuwa hakuwahi kusoma kitu kimoyomoyo maishani mwake, akasoma kwa sauti.

"Leo nashukuru sabuni imetosha nguo zote, hata soksi za Kidoti ambazo zilikuwa zinasimama zenyewe."

Darasa likaangua kicheko. Mwingine akasoma yake: mama alishukuru kwamba kifungo cha shati kimepatikana, na hakikuwa kimemezwa na mdogo mtu kama walivyohofia. Karatasi moja ilimwangukia Mwalimu Rula mapajani. Alivaa miwani, akasoma kwamba mwandishi anamshukuru Mwalimu Rula, kwani Kidoti ameelewa hesabu za sehemu; amekata mkate vipande vinne sawasawa, kisha akachukua kile kikubwa.

"Kumbe naitwa Rula," mwalimu akasema, na darasa likaingiwa na hofu mpaka walipoona anacheka.

Karatasi ya Kidoti mwenyewe ilitua juu ya kiatu alichokuwa anakitazama. Mwandiko ule aliujua. Leo nashukuru kwamba sina ofisi, ilisema. Shule imetuma mtu kuniambia Kidoti ana homa, nikafika kabla hajamaliza kulia.

Aliikumbuka siku hiyo. Alikumbuka kwamba mtoto wa mhasibu naye aliugua wiki ile ile, akalala kwenye benchi la ofisi ya mwalimu mkuu mpaka jioni.

Kicheko kilipopungua, Spika aliitazama tarehe, akautazama mwandiko, akamtazama Kidoti. "Wafanyakazi sita?" akauliza, safari hii kwa sauti ndogo.

Uongo mwingine ulikuwa tayari, umevaa na viatu: kwamba karatasi hizi zimechanganyika na zile za dukani. Kidoti akaumeza. Akasimama.

"Hakuna duka," alisema. "Mama yuko nyumbani. Haya yote ameyatengeneza mezani kwetu, na yale yanayobaki juu ni yake. Yaliyoanguka nimebandika mimi, bila kupika gundi. Na karatasi nilizichukua kwenye kopo lake bila kumwomba. Samahani, mama. Samahani, mwalimu."

Watoto walitazamana. Kucheka walitaka, lakini juu yao hatua kumi za mnyororo wa mama zilikuwa hazijatikisika hata kidogo, na jambo hilo liliwaziba midomo. Mwalimu Rula aliinyoosha ile karatasi yake kwa rula, akauliza kwa upole kama anaweza kukaa nayo. Alisema amefundisha miaka thelathini na miwili na zawadi ya namna hii hajawahi kuipata. Kisha akawaagiza wote waokote nyingine, wazifute, wazirudishe kwa mwenyewe. Spika ndiye aliyetambaa chini ya madawati kuliko wote, na kabla ya kuondoka alimwuliza Mama Asante, kwa adabu, kama angeweza kumfundisha kupika ile gundi.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika penye bomba la mtaa ndipo mama aliposema.

"Mwanangu, uliponipa duka uliona umeniheshimu. Lakini umenipa duka ukaninyang'anya mikono yangu. Vitu nilivyofanya kwa mikono hii ukawapa watu sita ambao hawapo. Kazi isiyo na mshahara ni kazi, na mtu mkweli haoni haya kuitaja. Siku nyingine ukiulizwa, sema ilivyo. Ukweli hauhitaji ukumbuke ulichosema jana."

Kidoti aliomba radhi tena, machozi yakimchuruzika. Akauliza kama mama aliumia sana kulisikia jambo hilo mbele ya watu wote vile.

"Nilishtuka," mama akasema, akipangusa uso wa mtoto kwa ncha ya kanga yake. "Sikujua hata neno moja. Ningelijulia wapi? Mimi nimelisikia leo kwa Spika, mara ya kwanza."

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, walikaa mezani kuzipanga karatasi. Kidoti alizifuta unga kwa kitambaa, mama akazibana kwa vibanio vya nguo, kila kumi pamoja. Mara hii Kidoti alizisoma zote. Alisoma shukrani za mvua iliyongoja nguo zikauke, za baba kurudi salama na lori lake, za sufuria. Alikuwa anacheka na kufuta macho kwa zamu. Alipofika tarehe nane, aliacha kucheka. Akaisoma tena. Halafu akaisoma kwa sauti, polepole, kama Spika.

"Leo namshukuru fundi wa sare. Amenipongeza kwa duka langu la mapambo na wafanyakazi wangu sita. Nimewatafuta hao sita waje waoshe vyombo, bado sijawaona. Nashukuru pia kwamba binti yangu atakuja kuniambia mwenyewe. Nangoja."

Kidoti aliiweka karatasi mezani, tarehe juu.

"Mama," alisema. "Ulisema umelisikia jana kwa Spika."

Mama Asante, kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile, alikosa la kushukuru. Aliinama ghafla chini ya meza kutafuta kibanio kilichoanguka. Kidoti alivihesabu vyote juu ya meza, na hakuna kilichokuwa kimeanguka.