Mdomo wa Chungu cha Atupele

Kila Jumatano, kengele ya mwisho ikilia, Prisca alitupa daftari zake mfukoni, akamfuata Atupele dawatini, akamkamata mkono na kumvuta kuelekea ziwani.

"Polepole, Prisca! Miguu ni yangu," Atupele alizoea kusema.

"Nakusaidia, usije ukajikwaa."

Atupele hakuwa akiona tangu alipozaliwa. Hata hivyo, kwa fimbo yake nyeupe aliijua ile njia ya mchanga vizuri sana. Jiwe lililokuwa mbele ya kanisa, ambalo Prisca alijikwaa kila wiki kwa haraka zake, Atupele alilizunguka bila wasiwasi. Prisca hakuwahi kulitafakari jambo hilo.

Kikundi cha sanaa cha shule kilikutania uani kwa Mama Mika, mfinyanzi mwenye mikono mipana na ulimi mkali. Mwalimu Ambrose ndiye aliyekianzisha, ili watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu wafinyange pamoja na wapige ngoma pamoja. Mwezi huo walijiandaa kwa tamasha mjini Kyela. Kila mtoto angepeleka chungu alichokifinyanga kwa mikono yake mwenyewe. Prisca, ambaye mama yake hufinyanga vyungu na kuviuza katika gulio la Lyulilo, alichaguliwa kuwa kiongozi, na cheo hicho kilimkaa kichwani kama kilemba.

Siku moja kabla ya kuchoma vyungu, Prisca alibaki nyuma kufagia. Vyungu vilikuwa vimepangwa barazani, vikavu, vyekundu, vimelainishwa kwa kokoto za ziwani. Akavipitia kimoja kimoja. Alipofika kwenye kile cha Atupele, moyo ulimwuma. Mdomo wake ulikuwa umebonyea upande mmoja.

"Maskini," akanong'ona. "Hajaona kwamba umebonyea. Watu wa mjini watamcheka."

Basi akachota udongo mbichi, akaujaza pale palipobonyea, akausawazisha kwa kidole mpaka mdomo ukawa mviringo. Mtoto wa mfinyanzi alijua fika kwamba udongo mbichi haubandikwi juu ya chungu kikavu. Ila alijiambia kwamba jua la asubuhi litaukausha. Hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani akijiona mwema kupita kiasi.

Asubuhi yake wingu lilishuka kutoka milimani na jua halikuonekana. Mama Mika alipanga vyungu mchangani, bega kwa bega, kama wafanyavyo wafinyanzi wa kabila la Wakisi wa ufukwe huo, akavifunika kwa matete na nyasi kavu, akawasha. Moto ukaunguruma. Prisca alisimama mikono nyuma, macho yakiwa upande kilipokaa chungu cha Atupele.

Pa!

Kitu kilipasuka ndani ya moto. Kisha ikasikika milio mingine miwili, kwa kuwa chungu kikipasuka huwapiga majirani zake. Moto ulipopoa, chungu cha Atupele kilikuwa vigae vitupu. Cha mwanakikundi mwenzake Nelson, kilichokaa ubavuni mwake, kilitoboka tumbo, na cha tatu kilipata ufa.

"Nilijua!" Nelson alifoka, machozi yakimlengalenga. "Nilijua atatuharibia! Anafinyangaje mtu asiyeona?"

"Nelson!" Mwalimu Ambrose alimkemea.

"Chungu changu kilikuwa kizima," Atupele alisema. Alinyoosha vidole vyake. "Nilikipima chote kwa vidole. Unene ulikuwa sawa kila mahali."

Mama Mika aliokota kigae, akakigeuzageuza, akakunja uso. "Ajabu. Hiki kimepasuka kama chenye maji."

Prisca alifungua mdomo. Lakini akawaza kuhusu uongozi wake, kuhusu macho ya Nelson, kuhusu mama yake atakavyosikia kwamba binti yake amefanya kosa ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza pale ufukweni halifanyi. Akaufunga tena.

Maneno hayakukaa uani. Yalifika hadi kisimani, na kesho yake wazazi watatu walimfuata mwalimu shuleni. Hawakuja kwa ubaya, walisema. Wanawapenda sana hao watoto wenye ulemavu. Lakini si ingekuwa vyema wakakaa pembeni wakapiga makofi, na kazi ya moto ikaachiwa wengine?

Mwalimu Ambrose alibishana nao mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe alikubali jambo moja: vyungu vya kuzibia pengo vitachomwa Ijumaa, na safari hii cha Atupele hakitaingia motoni pamoja na vingine.

Tangu hapo Prisca hakulala vizuri. Jumatano ilipofika alimfuata Atupele dawatini kama kawaida, akamkuta amekaa tu.

"Siendi," Atupele alisema. "Nenda, utachelewa."

"Lakini kwenye tamasha utakuja? Utaimba."

"Niimbe nini? Mama ameniambia nikae nyumbani, nisiaibishe watu." Akakunja fimbo yake taratibu. "Kinachoniuma, Prisca, ni kwamba sasa hata mimi siviamini vidole vyangu. Usiku navipapasa nashangaa. Nilikosea wapi?"

Prisca alivitazama vidole hivyo. Alitaka kusema palepale. Badala yake akasema, "Pole," akaondoka mbio, akajikwaa kwenye lile jiwe la kanisa, na safari hii akaanguka kweli.

Ijumaa vyungu vilipangwa tena mchangani. Mwalimu alikuwa amemsihi Atupele aje japo kusikiliza, naye alikaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, mapajani amepakata chungu kidogo alichokifinyanga mwanzoni mwa mwezi, kilichokauka zamani. Hakuna aliyemwambia akiweke chini, wala hakuna aliyemwambia akilete.

Mama Mika alifunika matete. Akapiga kiberiti. Upepo wa ziwa ukakizima. Akapiga cha pili.

"Mama Mika, ngoja!"

Watu wote wakageuka. Prisca alisogea mbele ya matete.

"Ni mimi," alisema. "Chungu cha Atupele nilikivunja mimi. Mdomo wake ulikuwa umebonyea, nikamwonea huruma, nikaujaza udongo mbichi. Nilijua haifai. Halafu nikanyamaza."

Nelson alibaki ameachama. Mama Mika alikizima kiberiti polepole kwa vidole.

Aliyesimama ni Atupele. "Umebonyea?" aliuliza. "Nani kakwambia ulikosewa? Niliubonyeza mimi!" Akakiinua kile chungu kidogo, na hapo Prisca akaona kwamba nacho kilikuwa na mbonyeo upande mmoja. "Nikimimina maji, naweka kidole hapa, najua yatatokea wapi. Simwagi hata tone. Ungeniuliza, Prisca! Kila siku unanivuta, unanibeba, na hujawahi kuniuliza kitu!"

Prisca alilia wazi, mbele ya watu. "Nisamehe, dada yangu. Si vidole vyako vilivyokosea."

"Hilo ndilo nililotaka kusikia," Atupele alisema, akakaa. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini mabega yalikuwa yameshuka.

Mwalimu Ambrose alikohoa. "Na mimi nimekosa. Nilimhukumu mtu kabla ya kuuliza. Atupele, lete chungu chako, tafadhali."

Mama Mika alikipokea, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza. "Kikavu. Kizuri. Huu mdomo nami nitauiga." Akakiweka katikati kabisa, vyungu vingine vikikizunguka, kisha akawasha.

Moto ukapanda. Hakuna aliyesogea. Tete likilia ndani ya moto, wote walishtuka, na Nelson alikuwa ameziba masikio. Nyasi zikageuka majivu meupe. Mama Mika akavuta chungu kidogo kwa ufito mrefu, akakiacha kipoe, akakigonga. Kililia kama kengele.

"Ndaga!" Mama Mika alicheka, akimshukuru Mungu kwa Kinyakyusa. Kisha akamgeukia Prisca, na kicheko kikaisha. "Kesho hutabeba cheo, utabeba mizigo. Na ukirudi utakanda udongo wa Nelson mpaka apate chungu kingine. Sikiliza, mwanangu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe ulitaka kumsaidia mwenzako bila kumsikiliza, ukamharibia. Halafu ulinyamaza, ukamharibia mara ya pili, tena vibaya zaidi. Mtu mwenye ulemavu haombi tumfanyie kazi yake. Anaomba nafasi motoni kama sisi. Ukitaka kusaidia, uliza kwanza. Na ukikosea, sema kabla ya moto."

"Nimesikia, mama," Prisca alijibu.

Jumamosi alfajiri kikundi kilianza safari ya tamasha, Atupele akiwemo kwa ruhusa ya mama yake. Prisca, mgongo umeinama kwa kapu la vyungu, alimfikia Atupele njiani. Mkono wake ukanyooka wenyewe kama ilivyokuwa desturi yake. Akaurudisha.

"Atupele, nikushike mkono?"

Atupele alifikiri kidogo.

"Hapana," alisema, akigonga njia kwa fimbo yake. "Ila wewe shika bega langu. Tunakaribia lile jiwe la kanisa."