Aliyempokea Leokadia Mzigo

Haya yalimpata Novemba 1973 rafiki yangu Leokadia, niliyesoma naye Stockholm, Uswidi. Rafiki yetu Clementina alikuwa anasafiri jioni moja kwenda kumzika mama yake, na Leokadia ndiye aliyekuwa anampelekea mkoba wa nguo zake za msiba. Gervas, mume wa Clementina, alimwelekeza kwa simu: ashuke treni kituo cha Märsta, nje ya jiji, kisha akate njia kwa barabara kuu ya kale iliyohifadhiwa kama kumbukumbu.

Haikuwa na taa hata moja. Giza lilishaingia, changarawe zinalia chini ya viatu, mkoba unamkata vidole. Kwenye nguzo ya chuma ya zamani ya kuonyesha maili akasikia hatua nyuma yake. Akajua ni Gervas, maana kwetu mgeni hupokewa mzigo njiani. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mkoba ukapokewa.

"Shemeji, hii ndiyo njia ya mkato? Si ungesema tu unataka nivunjike mguu!"

Aligomba hadi mlangoni. Hatua zilimfuata. Akapiga hodi kwa hasira.

Aliyefungua ni Gervas, povu la kunyolea mashavuni.

"Karibu, shemeji. Mbona mikono mitupu? Teksi inasubiri!"

Leokadia akageuka. Njia ilikuwa tupu. Alipotaka kurudi mbio, huku machozi yanamlenga, Clementina akaita kutoka chumbani.

"Unakwenda wapi tena? Mkoba si huu hapa kitandani?"

Mlango wa nyumba ile haukuwa umefunguliwa tangu mchana, hadi Leokadia alipopiga hodi. Leokadia akaingia chumbani, akaushika mkoba. Nje maji yalikuwa yameganda, lakini mpini wake ulikuwa na joto la kiganja.