Jasho Ndani ya Maske

Asubuhi ile Maman Adolphine alikuwa anaanika matela kwenye baraza, kama kawaida yake, na hakukuwa hata mugeni mumoja wa kuzilalia. Alizipiga na fimbo, vumbi ikatoka, akazigeuza upande. Mwanamuke mwenye nyumba ya wageni hawezi kuacha matela zinuke sababu ya vita tu. Dada yangu amekaa nyuma ya ukuta wake miaka mingi, na mambo haya yote ni yeye alinielezea. Dada yangu si mutu wa kubuni, hana akili hiyo.

Avenue yao inashuka kuelekea ziwa, huku Ibanda. Zamani watu waliiita Masakado, sababu ya vijana wa kizungu waliopanda pale na sakado, mifuko ya mugongo, miguu myekundu kama nyanya, wakitafuta kitanda cha bei ndogo kabla ya kwenda kuona magorila kule Kahuzi. Kulikuwa fasi ya kunywa kahawa, fasi ya kufulia nguo. Constance aliuza vitenge. Honoré alikuwa guide, anababaisha Kiingereza na kula kuliko wageni wake. Kisha vita ikaingia muji, ndege zikaacha kutua Kavumu, njia ya magorila ikafungwa. Kibao cha mwisho kilianguka na mvua. Hakuna aliyekiokota. Mbuzi inalala juu yake mupaka leo.

Watu wenye njaa wakaanza kutafuta mulozi, na Honoré hakutafuta mbali.

— We Adolphine! alipiga kelele toka ng'ambo ya barabara. Batouristes bote ni weye ulibakula! Batu banakonda, banagonjwa, weye unapiga tu matela!

— Ndege haitue, ni mimi nafunga airport? Kama ningekuwa mulozi, papa Honoré, ningeanza na hiyo ulimi yako.

Ugonjwa, kweli, ulikuwepo. Ulianza na Constance. Uso wake ulikauka. Kwanza alishindwa kucheka, kisha akashindwa kutafuna. Waganga walisema ni mishipa. Walimuzika macho wazi, sababu ngozi ilikataa kufunga. Wakati wa kumulaza, kichwa chake kiligusa ubavu wa sanduku. Wote walisikia mulio. Ubao kwa ubao.

Adolphine alikuwa bado na fimbo mukononi wakati mujukuu wake Gloire alitoka ndani na kikombe. Bouillie, uji wake wa asubuhi, ilikuwa inamwagikia kidevuni.

— Koko, mudomo inakataa.

Bibi akamushika shavu. Lilikuwa ngumu. Akaligonga na kidole, polepole, kama mutu anayebisha hodi.

Likajibu: ko.

Hapo alielewa. Sasa sikia kazi yake ilikuwa namna gani. Aliuzia wageni maske, vinyago vya kuvaa usoni, na bazungu hawapendi maske mupya. Wanataka ya mababu. Fundi Mushagalusa wa Nyantende alikuwa anachonga, na Adolphine alikuwa anazeesha: anapaka mafuta ya ngazi, yale mawese, anapitisha kwa moshi, anazika nyuma ya jikoni na kuachia mvua na muchwa wamalizie. Lakini muzungu mwenye macho anageuza maske na kuangalia ndani. Kama hakuna paji la uso lililosugua pale, anairudisha. Kwa hiyo Adolphine alikuwa anaita majirani kutwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye jua kali, kila mutu na maske usoni, mupaka jasho ikolee mu ubao. Malipo ni sahani ya sombe ileile. Constance alitwanga. Honoré alitwanga, akaomba sahani ya pili. Gloire alilia mupaka akapewa kadogo ka kwake.

Mushagalusa alimukataza. Sugua na mafuta ya mbuzi, alimwambia, usizike jasho ya mutu mwenye bado anapumua. Adolphine alicheka. Mbuzi inauzwa, jirani ni bure.

Kisha bazungu wakakosekana, na maske za mwisho zikabaki mu udongo. Muchwa hawakungoja vita iishe.

Alimufunika mutoto kitenge, wakapanda pikipiki mupaka Nyantende. Siku hizi Mushagalusa anatengeneza masanduku ya maiti. Soko hiyo haijafungwa. Hakuwakaribisha. Alimugonga Gloire kwenye shavu na mugongo wa patasi, akategesha sikio, kama anavyochagua mbao.

— Bado mubichi, akasema.

— Fundi, sikuya hapa kwa mizaha. Nifanye nini?

— Tosha yake, ichimbue. Moja tu. Osha ndani na maji ya moto na sabuni mupaka jasho itoke.

— Na za wengine?

— Ulifundisha udongo na muchwa wake kula nyuso. Moja udongo itakuachia. Ukitosha mbili, itafuata chakula yake mupaka mu nyumba.

— Na weye mwenye ulichonga?

— Mimi nilichonga ubao, maman. Batu, ni weye njo uliweka ndani.

Waliporudi jua lilikuwa juu ya kichwa. Mbele ya lango kulikuwa watu. Honoré alikuwa mbele yao na bidoni, dumu ya petroli. Adolphine alipita na mutoto kwenye uchochoro wa dada yangu, akaingia kwa nyuma, akachukua jembe. Gloire alikaa kwenye ngazi ya jikoni. Alikuwa analia bila uso kusogea. Machozi tu.

Honoré aliweka mudomo kwenye ufa wa lango. Sauti ilikuwa ya chini, wengine wasisikie.

— Maman... tosha yangu pia. Shavu inaanza. Ukitosha, nabarudisha hawa batu.

— Unaombaka na petroli?

— Maman Adolphine, nakusihi.

— Ulikula sahani mbili, papa. Mutoto alikula nusu.

Alichimba. Udongo ulikuwa laini, kama umechimbwa jana. Na ulikuwa na vuguvugu.

Maske za kwanza zikaonekana. Alikuwa amezizika uso chini. Sasa zote zilikuwa zinaangalia juu.

Nje, Honoré aliacha kunong'ona.

— Munaona? Anachimba! Anazika ingine! Leteni moto!

Mawe yakagonga mabati. Adolphine alipiga magoti. Ile ya Constance ilikuwa imebaki ganda tu. Aliisukuma kando. Akatafuta kadogo. Akakaona. Akavuta.

Kakakataa.

Uvivu wake wenyewe: alikuwa amepanga maske moja ndani ya ingine, kama sahani, asichimbe shimo kubwa. Muchwa walikuwa wamezigandisha. Akavuta kwa nguvu zote. Zikatoka mbili, ndogo ndani ya kubwa. Ya kubwa ilikuwa na paji pana. Aliijua.

— Fungua, mulozi! Leo utatoka humo, leo...

Akaingiza jembe katikati. Akakandamiza.

Ubao ukapasuka.

Nje, neno likakatika katikati.

Bidoni ikaanguka. Petroli ikapita chini ya lango, pole pole. Kisha miguu. Miguu mingi, inakimbia. Hakuna mutu aliyelia.

Aliitupa ile kubwa shimoni, akarudisha udongo na mikono, na miguu. Ilikaa nje muda wa pumzi moja tu. Pumzi moja haihesabiwe. Alijiambia hivyo kwa sauti, dada yangu alimusikia. Kisha akachemusha maji, akasugua kadogo kale na sabuni mupaka vidole vikachubuka. Maji yalitoka ya chumvi. Yalikuwa mengi kuliko aliyomimina.

Kabla ya jioni shavu la Gloire lilirudi nyama. Alikunywa bouillie yote, akacheka, akaomba ingine.

Honoré walimukuta amekaa, mugongo kwenye lango, kinywa wazi. Ufa mumoja ulishuka toka paji mupaka kidevu. Hakukuwa damu.

Tangu siku hiyo hakuna anayemutukana Adolphine. Wale wachache waliobaki Masakado wanamuamukia kwa heshima kubwa na kupita upande mwingine wa barabara. Na yeye haombi zaidi. Ana nyumba yake. Ana mutoto wake.

Juma lile alianza kuona unga kwenye mto wa Gloire. Unga mwembamba, wa njano. Alipangusa. Asubuhi ya pili ulikuwepo tena. Hakumuuliza mutu. Mwanamuke mwenye nyumba ya wageni anajua kukunguta shuka bila kuuliza mugeni alifanya nini.

Siku ya Mungu, kabla ya misa, alimuketisha mutoto katikati ya magoti amusuke. Akagawanya nywele nyuma ya sikio. Palikuwa tundu kadogo. Ka muviringo, kasafi, hakana kidonda.

Adolphine akapuliza. Unga ukaruka.

Gloire akainua mabega, akacheka.

— Koko, waambie waache. Banatekenya.