Mzee Aliyekimbilia Treni ya Gulwe

"Irudishe nyuma, tumwone tena anavyodondoka," mwanafunzi mmoja aliomba, na darasa zima likaangua kicheko kabla picha haijarudishwa.

Violeth aliirudisha. Kwenye ukuta mweupe wa chumba cha maonyesho, mzee wa katuni mwenye koti refu jeusi alitokea tena akikimbia sambamba na treni, magoti yakipanda juu kama ya mtu anayekanyaga makaa, mkono mmoja umeshika kofia, na kichwa cha jogoo kikichungulia kifuani baina ya vifungo. Akajikwaa. Akaenda chini kifudifudi. Jogoo akaruka, mzee akamrukia, na mikono ya abiria wa behewa la mwisho ikawazoa wote wawili. Ndipo jogoo alipowika, na kila alipofungua mdomo herufi moja ilichomoka, mpaka likasomeka jina la mchezo wa kuchekesha uliotungwa na kikundi cha vijana wa Dodoma mjini: TUMECHELEWA.

Mwalimu Batholomeo, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alivua miwani akafuta macho.

"Binti, ni sekunde thelathini tu, na tayari nataka kujua habari za huyu mzee. Huo ndio utangulizi. Umemtoa wapi?"

"Nilimwona, Mwalimu. Mwaka jana nilikuwa narudi kutoka mafunzo kwa vitendo Kilosa. Treni iliposimama Gulwe nikamchora palepale dirishani."

"Na muziki?"

"Ni wa Obedi. Nilimpa vipimo vya muda tu, akapiga. Picha nilimficha, nilitaka azione leo pamoja na ninyi."

Wenzake waliguna kwa utani, maana hapakuwa na mtu chuoni asiyejua kwamba Obedi wa idara ya sauti alikuwa mchumba wa Violeth, na kwamba Jumamosi ya wiki iliyofuata washenga wake wangekwenda Haneti, kwao binti, kupeleka posa. Violeth aligeuka kumtafuta kwa macho. Kiti cha Obedi kilikuwa kitupu.

Alimkuta nje, karibu na bomba la maji, marimba yake ya mkono ikining'inia vidoleni.

"Obedi, hukuipenda?"

"Lile koti lina kiraka cha kaki kwenye kiwiko cha kushoto."

"Umekiona? Nilihangaika sana kupata rangi yake."

"Nilikishona mimi."

Violeth alitabasamu, akidhani ni mzaha. Kisha tabasamu likamtoka polepole, kama maji yanavyokauka juu ya jiwe.

"Ni baba yako."

"Ni baba yangu. Siku ile mama alikuwa amelazwa hapa mjini, amefanyiwa upasuaji, kila chakula anakikataa. Akasema labda supu ya jogoo wa nyumbani ingepita. Nikampigia baba simu. Violeth, baba ni mzee wa kanisa. Watu wa Gulwe hawajawahi kumwona akikimbia. Alifika hospitali magoti yamechubuka, akanivuta pembeni akaniambia, mama yako asijue. Mama aliambiwa kwamba mumewe alisafiri amekaa dirishani, na jogoo yumo kikapuni."

"Sikujua, Obedi."

"Najua hukujua. Lakini ulinipa nipige marimba mahali baba yangu anapoanguka. Nami nikapiga kwa furaha, nikaongeza na njuga."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Violeth angepata la kujibu. Alisema, akaondoka, na Violeth akabaki akitazama matone ya bomba.

Lililofuata lilikuwa baya zaidi. Siku ya tatu, Violeth alipokuwa akila chakula cha mchana na Restuta, binti wa Kondoa aliyeishi naye chumba kimoja, simu ilitetemeka mezani. Ujumbe ulikuwa wa Obedi:

"Kuna mtu alirekodi ule ukuta kwa simu siku ya maonyesho. Imefika Gulwe. Vijana wa stesheni wanamwita baba Mzee Tumechelewa. Baba amesema washenga wasiende Haneti."

Violeth alipiga simu mara moja.

"Obedi, naomba nimweleze mwenyewe."

"Utamweleza nini? Kwamba ulimwona anaanguka ukacheka?"

"Nilicheka, ndiyo. Nilichora alivyokimbia, sikuuliza anakimbilia nini. Hilo ndilo kosa langu, nami nitalisema mbele yake. Nikimaliza nitaifuta."

"Na mtihani wako? Si ndiyo kazi uliyoiwasilisha?"

"Nitatengeneza nyingine."

"Mimi sijakuacha," Obedi alisema hatimaye. "Usifikiri nimekuacha. Lakini siwezi kumpita baba nikaja kukuoa kwa njia ya pembeni."

"Wala mimi sitaki kuingia kwenu kwa njia ya pembeni. Ndiyo maana nakuja."

Alipokata simu, Restuta alisukuma sahani yake kando.

"Unakwenda ukweni kabla ya posa, kwa miguu yako mwenyewe? Watasema huyu bibi harusi amejileta kama kifurushi."

"Na waseme."

"Basi nakusindikiza. Kifurushi hakisafiri bila mtu wa kukikabidhi."

Walipanda basi mpaka Mpwapwa, kisha bodaboda mpaka Gulwe. Obedi, aliyekuwa ametangulia, aliwapokea njiani, akachukua mkoba wa Violeth. Kabla ya kufika uani alimgusa kiwiko kidogo, na mguso ule ukamtosha Violeth kuinua uso.

Mzee Yohane, baba yake Obedi, alikuwa ameketi barazani juu ya kigoda, mgongo umenyooka kama ubao, koti lenye kiraka limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali. Mkewe, mama mwembamba mwenye macho ya kucheka, alikuwa ameketi juu ya mkeka karibu na mlango akibangua karanga.

"Mbukwa, wanangu. Karibuni," mama aliwaamkia kwa Kigogo.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama," wasichana walijibu wakipiga magoti.

"Marahaba," alisema Mzee Yohane, akageuza kigoda akatazama reli. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba baba mkwe hasemi moja kwa moja na binti anayeposwa mpaka mahari ipokelewe. Maneno yalipitia kwa mtu wa kati. "Mama Obedi, mwulize huyo binti amekuja kwa shauri gani."

"Amekusikia, Baba Obedi. Si kiziwi."

Restuta aliuma kanga asicheke. Violeth aliweka mikono magotini.

"Mama, mwambie Baba nimekuja kuomba radhi. Nilimchora mtu nisiyemjua nikamfanya kichekesho, wala sikutafuta kujua ni mzazi wa nani. Mwambie naona aibu."

"Mwulize," Mzee alisema, "wale vijana wa stesheni nao atawapigia magoti wanyamaze?"

"Mwambie Baba nitawapigia."

Obedi, aliyekuwa amesimama kwenye nguzo, alikohoa. Ilikuwa dhahiri kwamba Mzee hakutarajia jawabu la namna hiyo.

"Sasa mimi nina swali," alisema mama, akiweka ungo chini. "Wiki hii kila ninayekutana naye kisimani ananitazama huku amefumba mdomo kwa nguvu. Baba Obedi anasema ni upuuzi wa vijana. Obedi anasema nimwulize baba. Hivi mimi ndiye mgeni katika nyumba hii? Mwanangu, hiyo picha unayo kwenye simu?"

"Ninayo, Mama."

"Ilete."

"Binti, usimwonyeshe."

Wote waligeuka. Mzee Yohane mwenyewe alionekana kushtuka, maana alikuwa amesema na Violeth ana kwa ana, akaivunja desturi ambayo yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Lakini hakulirudisha neno lake.

Violeth alishika simu kwa mikono miwili. Mbele yake mama alikuwa amenyoosha kiganja. Kando yake mgongo wa mzee ulikuwa umekakamaa. Alijua kwamba kumtii mmoja ni kumkosea mwingine, na kwamba nyumba hii ingemkumbuka daima kwa atakalotenda sasa.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "ukikataa, naifuta hapahapa, na Mwalimu nitamweleza mwenyewe. Lakini naomba ruhusa ya kusema neno moja. Watu wanakucheka kwa sababu hawajui ulikuwa unakwenda kwa nani. Mimi nami sikujua. Na anayestahili kujua kuliko wote ni Mama, naye peke yake ndiye aliyefichwa."

Treni ya mizigo ilipita kwa mbali, na Mzee akaifuata kwa macho mpaka ilipokwisha.

"Atazame," Mzee alisema. "Mimi sitazami."

Violeth alisogea mkekani, akamshikia mama simu. Marimba ya Obedi ikalia. Mzee akaonekana akikimbia, magoti juu, jogoo akichungulia, na mama alianza kucheka, kicheko cha msichana, mabega yakitikisika. Obedi aliinamisha kichwa. Kisha yule wa katuni akaanguka, na kicheko cha mama kikakatika.

"Hebu isimamishe." Alisogeza simu karibu na macho. "Hili ni koti la Baba Obedi."

Akakigusa kioo kwa kidole.

"Na huyu ni yule jogoo mwekundu. Ni siku ya supu." Akaunganisha mambo moja baada ya jingine. "Baba Obedi."

"Naam."

"Uliniambia ulikaa dirishani."

"Nilikaa. Baadaye."

"Ulianguka?"

"Niliteleza."

"Ukakimbia."

"Treni ilikuwa inaondoka."

"Tangu umenioa sijakuona ukikimbia. Hata nyuki walipovamia kanisa, watu wakaruka madirishani, wewe ulitoka ukitembea na Biblia kwapani."

Mzee Yohane alifungua kifungo cha juu cha koti, kisha akakifunga tena.

"Siku ya nyuki ulikuwa kando yangu," alisema. "Siku ile hukuwepo. Obedi aliniambia huli."

Mama alichukua ncha ya kanga akajifuta macho, na alipomaliza hakuiachia, akaishika tu mkononi. Obedi alikuja akachuchumaa kando ya Violeth, karibu kuliko adabu ilivyoruhusu, na hakuna aliyemkemea.

"Mwanangu, usiifute," mama alisema. "Kuanguka kwake kuache, maana kunachekesha, na yeye anajua kunachekesha. Ila pale mwisho, kabla jogoo hajawika, nichore nami. Kitanda, na bakuli, na mimi nakunywa. Wale wa kisimani wakishacheka waone na hilo."

"Nitachora, Mama. Kama Baba ataridhia."

Wakamngoja. Mzee Yohane aliendelea kutazama reli.

"Obedi."

"Naam, Baba."

"Wapigie washenga simu. Jumamosi waende Haneti kama walivyoagizwa."

"Ndiyo, Baba."

Obedi hakuinuka mara moja, kwa sababu vidole vya Violeth vilikuwa vimeshika vyake chini ya ukingo wa mkeka. Mama aliona, akarudi kwenye karanga zake kana kwamba hakuona. Ndipo Mzee Yohane alipokigeuza kigoda, taratibu, mpaka akawaelekea wote, akamtazama Violeth usoni kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu," alisema, "ile supu ilimfikia ya moto. Chora na mvuke."