Breki Ngumu, Breki Laini

Maiti ya Yakoub, dereva wa ushirika wa iliki, ilitolewa chini ya Land Rover saa tano na dakika ishirini asubuhi, Jumatano tarehe 13 Juni 1984, kwenye kona ya tatu ya mteremko unaotoka Amani kwenda Muheza. Magunia yalikuwa yamepasuka korongoni. Harufu ya iliki iliyopondeka iliizidi ile ya damu.

Kufika jioni, fundi Mudathir alikuwa mahabusu. Ndiye aliyezishughulikia breki za gari hilo Jumanne. Tena Yakoub alikuwa amemwoa mtalaka wa fundi huyo, miezi minne tu iliyopita. Mkuu wa kituo aliona kesi imekwisha: Jumatatu fundi angepelekwa mahakamani Tanga kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na adhabu yake ni kitanzi.

Sajini Lea hakuona hivyo. Gari lilipovutwa hadi kituoni, aliingia na kukanyaga breki mwenyewe. Kanyagio lilikuwa gumu kama jiwe. Akakagua mabomba na magurudumu yote manne. Hakuna palipovuja.

Alhamisi saa tatu asubuhi alikuwa hospitali, kando ya kitanda cha Mwanamkasi, abiria pekee wa gari hilo, aliyenusurika.

"Breki zilikatika?"

"Hazikukatika, dada. Kona ya kwanza zilishika. Ya pili akalalamika kanyagio limelainika, kama anakanyaga andazi. Akalipampu mara tatu, mara nne. Ya tatu..." Mwanamkasi akageukia ukutani.

"Mlisimama popote kabla ya hapo?"

"Hata! Tumeteremka moja kwa moja. Magurudumu yananuka kuungua."

Lea aliandika: baridi, ngumu, moto, laini.

Kutoka hapo alikwenda mahabusu.

"Ulimchukia Yakoub?"

"Sana, afande. Lakini chuki yangu ilikuwa ya mdomoni. Ningetaka kumuua, ningemtilia mafuta mapya?"

"Uliyatoa wapi?"

"Stoo ya ushirika. Mzee Idarusi, mtunza stoo, alinipa chupa nzima. Nikajaza, nikatoa upepo kuanzia gurudumu la mbali, kanyagio likakaza. Mengine yalinimwagikia kwenye madigadi."

"Ukayafuta?"

"Adhana ya adhuhuri ilikuwa inalia, nikasahau." Mudathir akainua kichwa ghafla. "Afande, rangi ya madigadi ikoje?"

Walikwenda kuitazama pamoja. Michirizi ilikuwa imekaukia pale pale, na rangi chini yake inang'aa. Mafuta ya breki hula rangi. Yangekuwa ya kweli, baada ya siku mbili rangi ingekuwa imeumuka na kubanduka. Lea alichota kijiko kimoja kwenye kikopo cha breki, akakiweka juu ya jiko la mafuta ya taa. Kikachemka upesi kama chai, kikatoa povu jeupe.

"Maji ya sabuni," Mudathir alinong'ona. "Yametiwa chai ya turungi yapate rangi. Maji yakichemka ndani ya bomba huwa mvuke, na mvuke hubonyea. Gari likipoa, kanyagio linakaza tena."

"Na wewe fundi hukuyatambua?"

"Siku hizi mafuta yanakuja kwa kila rangi na kila chupa, afande. Nani anachagua?"

Mkuu wa kituo alicheka. "Nani kasema hakuyatia yeye mwenyewe?"

Lea akaenda stoo Idarusi akiwa hayupo. Karani alimfungulia kabati, wakakuta chupa moja. Nayo ilichemka kijikoni kama chai. Lakini huenda mzee aliuziwa hivyo, akatoa bila kujua. Ilibaki kujua kama alijua.

Ijumaa saa nane na nusu mchana, baada ya swala, alimfuata Idarusi nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nisindikize mlimani. Nahitaji mtu wa ushirika anionyeshe magunia yalivyopangwa."

Idarusi, mzee wa Moa huko pwani, mwenye kanzu safi, alikaa mbele. Mudathir alikaa nyuma, mikono katika pingu. Walipanda hadi karibu na Amani, Lea akageuza gari.

"Samahani, mzee. Asubuhi breki zetu zilikuwa zimepungua mafuta. Karani wako akanipa ile chupa ya kabatini. Nimeitia yote."

Gari lilianza kuteremka. Mkono wa Idarusi ukashika mlango.

"Simamisha."

"Kuna nini? Si mafuta yako mwenyewe?"

"Simamisha, nakwambia! Nitashuka kwa miguu!"

Lea akasimama kabla ya kona ya kwanza. "Breki zangu ni nzima, mzee. Chupa yako iko mezani kwa mkuu wa kituo."

Idarusi alishuka, akaketi kwenye jiwe.

"Binti yangu Tuhfa anaolewa Jumapili. Gari la kumpeleka kwa mumewe halikuwa na mafuta ya breki, na Tanga nzima hayapatikani. Nikachukua ya stoo, chupa nikazijaza maji ya sabuni. Sisi Moa tunaendesha kwa sabuni mwaka wa pili huu, hajafa mtu!"

"Moa hakuna mlima."

"Nani aliniambia habari za mlima?"

"Kifo cha Yakoub kilikwambia Jumatano. Ukanyamaza."

"Ningesema, harusi ingevunjika."

"Uliniletea uji mahabusu," Mudathir alisema taratibu. "Nikakuombea dua, mzee. Kumbe ulikuja kutazama kama nimekwisha."



"Chupa ngapi?" Lea akauliza.

"Tatu. Mbili unazijua."

"Ya tatu?"

Mzee alitazama juu walikotoka. "Gari la zahanati. Nilimpa dereva wake Jumatatu, likapanda. Hushuka Ijumaa, saa kumi."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Lea alimrudisha mzee garini, akafungua pingu za Mudathir, akageuza.

Walilikuta uani mwa zahanati, injini inanguruma. Mwanamke mwenye uchungu amelazwa nyuma, anauma kanga. Dereva, Shaib, alikanyaga breki mbele yao kwa hasira.

"Tazameni! Ngumu hii! Mnanichelewesha, mgonjwa atanifia!"

Mudathir alipitisha mkono dirishani, akachomoa ufunguo.

"Hapa juu, ndiyo."

Walimhamishia mama kwenye gari la polisi, muuguzi akachuchumaa kando yake. Shaib akaketi nyuma pamoja na Idarusi, aliyefungwa zile pingu. Nafasi ikaisha. Lea alimtazama Mudathir, ambaye kwenye karatasi bado alikuwa muuaji, kisha akamrushia spana kutoka kwenye sanduku la gari.

Alimwacha mlimani peke yake, bila mlinzi, amelala chini ya gurudumu, akiyamwaga yale maji ardhini.